Barafu ya kwanza: samaki wako karibu na ufuko, tusiwapite

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye Machi iliyopita, barafu ilipokuwa inaanza kuoza, aliandika kwamba majuma mawili ya kwanza ya Desemba aliyamaliza akiwa ameketi juu ya barafu, akivua kwenye tundu penye maji ya kina cha mita tisa, katikati ya ziwa moja la hapa Minnesota, na hakuambulia hata samaki mmoja. Akahitimisha kuwa mwanzo wa msimu ni kupoteza muda na kwamba heri mtu angoje Januari. Uchungu wake naujua na nampa pole. Hitimisho lake silikubali hata kidogo, na kwa kuwa wako wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hapa na katika majimbo jirani ya Wisconsin na Michigan, watakaokwenda barafuni mwaka huu kwa mara ya kwanza wakiwa wanayakumbuka maneno yale, nimeona si haki kunyamaza. Kwa samaki aliokuwa akiwatafuta, majuma hayo mawili ndiyo bora kuliko mengine yote ya majira ya baridi. Samaki wenyewe hawakuwa katikati ya ziwa. Walikuwa nyuma yake, kwenye kina cha mita moja na nusu hadi mita tatu, mahali alipopita akiburura vifaa vyake bila kusimama.

Ninaowazungumzia ni wale ambao wavuvi wa huku huwaita kwa jina moja la samaki wa kikaangoni, kwa kuwa kila mmoja huenea mzimamzima kwenye kikaango. Yupo blugili, ambaye wanasayansi humwita Lepomis macrochirus, bapa kama kiganja, mwenye doa jeusi mwishoni mwa kifuniko cha matamvua. Yupo krapi mweusi, mwenye mdomo mpana ambao ngozi yake ni nyembamba kama karatasi na huchanika ukimvuta kwa pupa. Yupo pechi wa manjano, mwenye mabaka marefu ya kijani yanayoshuka ubavuni. Hapa Minnesota wote watatu huvuliwa mwaka mzima, kwa hiyo barafu ikishika, mwenye leseni hana cha kusubiri isipokuwa unene wa barafu yenyewe, jambo ambalo nitalirudia kwa kirefu.

Sababu ya wao kuwa karibu na ufuko inaeleweka ukilifuata ziwa tangu vuli. Maji huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote yanapofikia nyuzi 4 za Selsiasi. Oktoba na Novemba ziwa zima hupoa, upepo hulikoroga kutoka juu hadi chini, na oksijeni hufika mpaka kwenye vilindi. Baridi ikishuka chini ya nyuzi hizo, maji ya baridi zaidi huwa mepesi, hubaki juu, na usiku mmoja usio na upepo huganda. Pa kwanza kuganda ni kwenye hori na ghuba ndogo zilizokingwa na upepo, kwa kuwa maji yake ni machache na joto lake huisha upesi, ilhali katikati ya ziwa kubwa panaweza kukaa wazi siku kadhaa zaidi. Hapo msomaji ataona kwamba barafu ya kwanza inayoweza kumbeba mtu imefunika maji yale yale ambamo samaki wa kikaangoni wamejikusanya. Hatulazimiki kuchagua kati ya usalama na samaki kwa kwenda mbali, kwani mbali ndiko kwenye barafu changa zaidi.

Na mbona wamejikusanya humo? Kwa sababu mimea ya majini bado hai. Barafu changa isiyo na theluji hupitisha mwanga, mimea inaendelea kutoa oksijeni, na kwenye majani yake wamejaa wadudu wadogo wa jamii ya dafnia, vijidudu mithili ya kamba wasiozidi ukubwa wa punje ya mchele, na mabuu ya visubi yanayochimba kwenye tope lililo chini yake. Blugili hula hao hao. Humo humo hupata pa kujificha anapopita samaki mla samaki. Chakula, hewa na maficho viko mahali pamoja, basi hana kinachomtoa. Wale wanaoketi katikati ya ziwa mwezi Februari hawakosei, maana kufikia wakati huo theluji imekwisha ziba mwanga, mimea imeanza kufa, na kuoza kwake kunaila ile oksijeni iliyokuwa ikiitoa, hivyo samaki wamelazimika kuhamia kwenye kina. Ndugu yangu alifanya jambo la Februari katika mwezi wa Desemba. Hakuwa mvivu wala hakuwa na mkosi.

Basi swali linalobaki ni namna ya kuwapata, na hapa ningependa nieleze taratibu, kwa kuwa si kila jani ni jani. Neno la kushika ni kijani. Kitanda cha mimea kilichokwisha geuka kahawia, kikalala chini na kuanza kunuka, huwa kimehamwa hata kama mwezi Agosti kilikuwa kimesheheni samaki, ilhali hatua arobaini pembeni yake panaweza kuwa na fungu dogo ambalo bado limesimama wima na lina rangi. Mmea unaodumu kuliko wengi ni seratofilamu, usio na mizizi ya kweli, ambao vijani vyake vimelizunguka shina kama brashi ya kusafishia chupa; huu huweza kukaa kijani chini ya barafu kwa muda mrefu. Upo pia ule wenye majani mapana ambao wavuvi huuita kabichi. Nao ukiwa bado umesimama, simama hapo hapo.

Siku za kwanza barafu huwa nyeusi na angavu kama kioo cha dirisha, na kazi ya kutafuta huwa nyepesi mno: piga magoti, ziba mwanga kwa viganja viwili pembeni ya macho, tazama chini. Utaona mimea, utaona nafasi zilizo wazi katikati yake, na pengine utawaona samaki wenyewe wakitawanyika. Kama barafu imekuwa nyeupe au theluji imeanguka, toboa tundu, shusha ndoana tupu mpaka chini, iburute kidogo, kisha ipandishe na uangalie kilichonasa. Kipande kigumu, kibichi, kinachokatika kwa mlio mdogo ukikikunja, kinakuambia ubaki. Kipande kinachoteleza na kuchafua vidole kinakuambia uondoke, wala usibishane nacho. Mimi hufanya hivi kabla ya kutia chambo chochote, na imeniokolea saa nyingi kuliko kifaa chochote cha umeme ninachokijua, ingawa sikatai kwamba kamera ya kushusha majini hufanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi kwa anayeimudu.

Ukishaupata ujani, usitoboe katikati ya msitu. Tafuta uwazi wenye ukubwa wa meza ya kulia chakula uliozungukwa na mimea, au ukingo ambapo mimea inakoma na sakafu ya ziwa inaanza kuteremka. Blugili hukaa kwenye kuta za uwazi huo. Pechi hupenda zaidi upande wa nje, kwenye mchanga au tope lenye nyasi fupi, na huhamahama kwa makundi, hivyo ukimpata mmoja na kimya kikafuata, usingoje, mfuate. Krapi ni wa machweo. Mchana kutwa anaweza kuwa kwenye mteremko ulio karibu bila kukuonyesha dalili, kisha jua linapogusa miti akaja juu ya mimea na kula kwa nusu saa au saa moja kwa namna ambayo hutaisahau. Macho yake yamekaa ili kutazama juu, kwa hiyo chambo kilicho chini yake ni kama hakipo. Kiweke juu ya kina unachodhani yuko, hata kama unaona umekipandisha kupita kiasi.

Liko jambo moja ambalo mtu aliyezoea kuvua kwenye kina kirefu hulidharau, nalo ndilo linalowarudisha wengi mikono mitupu. Penye maji ya mita mbili samaki anakusikia na anakuona. Hatua zako, ndoo inayoburutwa, keekee ya kutobolea barafu, vyote vinamfikia akiwa karibu kuliko urefu wa mlango. Kwa hiyo toboa matundu yote mara tu unapofika, kumi na tano au hata ishirini, ukianzia upande wa ufuko na kuufuata ukingo wa mimea, kisha ondoka kabisa mahali hapo kwa dakika ishirini. Unaporudi, rudi kwa miguu laini na anza na tundu la kwanza, ambalo limepumzika kuliko mengine. Usiikombe barafu yote iliyosagika kwa upawa. Acha tundu limejaa nusu na ufungue upenyo wa kidole kimoja tu wa kupitisha mshipi, maana tundu lililo wazi penye barafu angavu humwaga nguzo ya mwanga chini, nao blugili mkubwa huikwepa. Keekee ya mkono yenye upana wa sentimita 15 inatosha kabisa. Barafu ya wakati huu ni nyembamba, inatoboka kwa muda mfupi, na hakuna haja ya injini inayounguruma juu ya vichwa vya samaki.

Tundu lisilokupa dalili ndani ya dakika tano, liache. Anayeketi juu ya tundu moja saa tatu kwa imani kwamba samaki watakuja, anawadai samaki wa kina kifupi jambo ambalo si tabia yao. Hapa mvuvi ndiye anayetembea.

Kuhusu vifaa nitasema machache, isipokuwa kwa kimoja. Ufito mfupi, mshipi mwembamba wenye uwezo wa kilo moja hadi mbili, na ndoana ndogo yenye kichwa cha metali ya tangsteni kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama. Tangsteni ina gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, wakati risasi ina gramu 11.3, kwa hiyo kichwa kidogo sana hushuka upesi, hupenya barafu iliyosagika na kujipitisha kati ya majani. Ipo sababu nyingine ninayoipa uzito mkubwa zaidi: chubwi cha risasi kinachopotea majini huja kumezwa na luni, ndege rasmi wa jimbo hili, na kipande kimoja kidogo huweza kumuua kwa sumu. Kwa chambo, buu moja la nondo wa nta au mawili ya inzi yanatosha, na yachomeke kwa ncha tu ili yaendelee kuchezacheza.

Kile kimoja ninachotaka kukikazia ni kionyeshi cha nchani mwa ufito, yaani kile kiwaya chembamba cha springi kinachopinda kwa uzito wa ndoana. Niliwahi kukidhani kuwa pambo, mpaka siku moja ya Desemba kwenye ghuba moja ya Ziwa Minnetonka. Barafu ilikuwa na unene wa sentimita 12, haina theluji, na samaki hawakuwa wakinigusa hata kidogo. Nikalala kifudifudi, nikajifunika koti kichwani mpaka mwanga wote ukakatika, nikachungulia tunduni. Mita mbili chini yangu palikuwa peupe kana kwamba kuna taa. Niliyaona mashina ya kijani yamesimama, niliiona ndoana yangu inaning'inia na buu lake jeupe, kisha kati ya mashina mawili akajitokeza blugili, akaja polepole na kusimama umbali wa kidole kutoka kwenye chambo, mapezi ya kifuani yakipepea bila yeye kusogea mbele wala nyuma. Nilipotikisa alirudi nyuma. Nilipotulia alisogea. Nilipoipandisha ndoana kidogo kidogo, kiasi cha unene wa kidole, alipanda nayo, akafungua mdomo, na chambo kikatoweka. Hakuruka wala hakuvuta. Alinyonya maji, akakaa nacho kwa muda wa pumzi moja, akakitema, na mkono wangu ulioshika mshipi haukuhisi chochote.

Nililala pale robo saa nzima nikihesabu. Samaki tisa waliingiza ndoana yangu mdomoni, na kama ningekuwa nimekaa juu ya ndoo nikisubiri kuvutwa, ningewajua wawili. Tangu siku hiyo siamini tena msemo kwamba samaki hawali. Kionyeshi cha springi kinaonyesha mambo mawili. Kinaweza kushuka kwa kiasi cha unywele, na hapo kila mtu huelewa. Kinaweza pia kunyooka na kuinuka, kwa sababu blugili ameinyanyua ndoana akiwa anapanda, na uzito umeondoka kwenye mshipi. Huyu wa pili ndiye wengi wanamwachia aende. Kikiinuka, nyanyua mkono taratibu. Usivute kwa nguvu, hasa kama kuna krapi karibu, kwa ajili ya ule mdomo wa karatasi nilioutaja.

Sasa nije kwenye barafu yenyewe, na namwomba kila atakayesoma barua hii asiruke aya hizi mbili ili kufikia za mwisho. Barafu inayotupa uvuvi mzuri kuliko wote ndiyo hiyo hiyo inayoua. Idara ya Maliasili ya Minnesota inafundisha kwamba mtu anayetembea kwa miguu anahitaji angalau sentimita 10 za barafu mpya, angavu na ngumu, na kwamba barafu nyeupe inahitaji unene maradufu kwa kuwa nguvu yake ni kama nusu. Inafundisha pia kupima tena angalau kila mita 45, kwa sababu ziwa moja halina unene mmoja. Nenda na mtaimbo, upige mbele yako kabla ya kukanyaga, na kama ncha imepenya kwa pigo moja au mawili, rudi kwa nyayo zako zile zile. Jiepushe na midomo ya mito, chemchemi, sehemu za chini ya madaraja, mianya kati ya ghuba na ghuba, na maziwa yenye mitambo ya kupuliza hewa. Kwa sisi tunaotafuta mimea liko onyo la pekee: penye mimea iliyosongamana na mashina ya matete yanayochomoza, barafu mara nyingi ni nyembamba kuliko hatua chache tu pembeni. Mkesha wa joto hubadilisha kila kitu. Desemba 2023 ilikuwa ya joto kuliko Desemba nyingine yoyote iliyowahi kurekodiwa katika jimbo hili, na tarehe 29 mwezi huo zaidi ya watu mia moja walilazimika kuokolewa kwenye Ziwa Upper Red baada ya pande la barafu walilokuwa juu yake kumeguka na kuelea mbali na ufuko.

Vaa jaketi la kuokolea maisha juu ya koti, na uning'inize shingoni jozi ya misumari yenye mipini ya kujivutia. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyefanya utafiti wa miaka mingi juu ya mwili wa binadamu kwenye maji baridi, ameufupisha ujuzi huo kwa namba tatu: dakika 1 ya kuituliza pumzi inayotweta, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Maana yake ni kwamba aliyetumbukia hafi papo hapo kwa baridi. Hufa kwa kushtuka na kunywa maji. Ageukie upande alikotoka, maana barafu ya huko ilikwisha mbeba, achome misumari, apige mateke kama anayeogelea, na akishatoka asisimame bali ajiviringishe. Ni kweli kwamba anayevua kwenye mita moja na nusu ana ahueni kwamba miguu inaweza kugusa chini, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kumshauri mgeni aanzie huko, lakini asiifanye kuwa kinga, kwa kuwa tope la ghuba za mimea ni laini na nguo zilizolowa ni nzito. Usiende peke yako.

Liko pia neno ambalo nimelibeba kwa miaka kadhaa, na nalisema kwa sababu linatuhusu. Ghuba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ndogo, pengine unaizunguka kwa miguu kwa dakika kumi na tano. Majira fulani ya baridi picha za samaki wake zilisambazwa kwenye simu, na kabla juma la pili halijaisha barafu yake ilikuwa imejaa mahema kutoka ufuko hadi ufuko. Kila mtu alichukua wale wakubwa na kuwarudisha wadogo, na walikuwa ndani ya idadi iliyoruhusiwa, siwezi kuwaita wahalifu. Lakini miaka iliyofuata nilivua pale samaki wa urefu wa kidole, mmoja baada ya mwingine, tena waliokwisha komaa.

Blugili ana maumbile yanayoeleza jambo hilo. Dume mkubwa ndiye anayechimba kiota mwanzoni mwa majira ya joto, akayalinda mayai na watoto. Wakiwepo madume wakubwa wa kutosha, wadogo huendelea kutumia chakula chao katika kukua, wakisubiri zamu. Wakubwa wakiondolewa, wadogo hukomaa mapema, nguvu huenda kwenye uzazi, na kimo hudumaa. Katika maziwa ya baridi kama haya, blugili wa sentimita 20 amekwisha ishi miaka mingi, na mtu mwenye ndoo anaweza kuondoa kazi ya miaka hiyo kwa alasiri moja, kwa kuwa mwanzoni mwa barafu wote wamekusanyika mahali pamoja na wana njaa. Kanuni ya jumla ya Minnesota inaweka kikomo cha samaki wa kila aina kwa siku, lakini katika maziwa mengi idara imeshusha idadi ya blugili hadi 10 au 5 kwa sababu hiyo hiyo, na ni wajibu wa kila mmoja kuangalia kitabu cha kanuni cha mwaka husika kabla ya kutoka. Mimi nasihi zaidi ya kanuni. Chukua wa sentimita 15 hadi 18, ambao nyama yao inatosha mlo, na umrudishe kila aliyezidi 20.

Na hapa ndipo kina kifupi kinapotupa heshima ambayo kina kirefu hakitupi. Samaki anayevutwa kutoka mita kumi au zaidi hupanuka kibofu cha hewa, macho hutoka, tumbo hujaa, na ukimrudisha mara nyingi unamrudisha mfu. Aliyetolewa kwenye mita mbili hana dhara hilo; anarudi chini akiwa mzima, mradi usimlaze juu ya barafu kupiga picha, kwa sababu hewa ikiwa chini ya sifuri matamvua na macho huanza kuganda upesi kuliko unavyofikiri. Mtoe ndoana tundu likiwa chini ya mkono wako, mikono ikiwa imelowa, umwachie. Tena, unapoondoka, ondoka na kila kitu chako. Tangu Julai 2023 sheria ya jimbo inakataza kuacha takataka juu ya barafu, na mkebe wa mabuu uliosahauliwa leo utakuwa ziwani Aprili.

Msomaji mwenzangu aliuliza pia muda huu unadumu kiasi gani. Tarehe haipo. Kaskazini barafu hushika kabla ya Novemba kwisha, huku upande wa Minneapolis inaweza kungoja mpaka katikati ya Desemba, na tangu hapo kinachohesabu ni theluji kuliko siku. Barafu ikikaa bila theluji, mimea huishi na samaki hubaki. Ikianguka theluji nzito ya kufika kifundo cha mguu na ikakaa, anza kila safari kwa ile ndoana tupu, uangalie rangi ya kinachopanda nayo. Siku itakapokuja kahawia na kunuka kwenye matundu matatu mfululizo, toka kwenye ghuba, fuata mteremko wa kwanza hadi mita nne au tano, na utoboe hapo kabla ya kuwaza kwenda katikati, kwa kuwa wengi wao huwa wamesogea umbali huo tu.

Nakuomba, Mhariri, kama barua hii itapata nafasi, ichapwe kabla ya Novemba kwisha. Ikitoka Januari, mimea mingi itakuwa imekwisha geuka rangi, na ndugu yule atakuwa ameketi tena katikati ya ziwa.

Wako,
Msomaji wa Minnesota, Marekani